Fundi wa ngozi wa Kilombero, Arusha: tathmini ya ukarabati wa koti kuukuu la ngozi ya kondoo

Mafundi wa ngozi katika jiji la Arusha ni wengi, kuanzia wanaoshona viatu vya shule kando ya barabara hadi wanaotengeneza mikanda na mikoba ya kuuzia watalii, lakini fundi anayeweza kulipokea koti kuukuu la ngozi ya kondoo, lenye ngozi kwa nje na sufu kwa ndani, akalirudisha likiwa na nafuu badala ya majeraha mapya, ni wa kutafuta kwa tochi. Karakana ninayoitathmini hapa imo katika kichochoro kimojawapo nyuma ya Soko la Kilombero, baina ya wauza mitumba na wauza vyakula vya mifugo. Haina kibao, na fundi mwenyewe ni mzee wa maneno machache ambaye riziki yake ya kila siku ni viatu. Kwa mishono na viraka sijaona mjini hapa anayemkaribia. Kwa usafishaji wa sufu anafanya vizuri kuliko madobi. Kwa rangi, mtu asimtegemee.

Koti lenyewe ni la kiume, zito, refu hadi mapajani, na lebo yake inaonesha kuwa lilishonwa Uingereza. Wapenzi wa kandanda wa umri wangu wanaijua aina hiyo kwa sababu ya John Motson, mtangazaji wa BBC aliyefariki mwaka 2023, ambaye kwa miaka mingi alionekana uwanjani ndani ya koti la namna hiyo hata ikawa vigumu kumtaja yeye bila kulitaja koti. La kwetu halikuwa na umaarufu wowote. Baba mdogo alilinunua katika marobota ya mitumba enzi zake za udereva wa malori, akalivaa usiku barabarani, kisha likaja kwangu likiwa limeshachoka. Mimi hulivaa asubuhi za Juni hadi Agosti, wakati ukungu wa Mlima Meru unaposhuka hadi Ngaramtoni na wageni kutoka Dar es Salaam wakaanza kuazima masweta ya wenyeji wao. Jiji la Arusha lipo kwenye mwinuko wa takribani mita 1,400, na vitongoji vinavyoukwea mlima viko juu zaidi ya hapo. Katika miezi hiyo koti la sufu si pambo.

Nilipolipeleka karakana, lilikuwa na mpasuko mrefu nyuma ya bega la kulia. Makwapa yote mawili yalikuwa yameachia mishono, kola ilikuwa imeng'aa kwa mafuta ya shingo hadi sufu yake ikashikamana, vifungo viwili vilikuwa vimeng'oka pamoja na vipande vya ngozi, na mfuko wa kushoto ulikuwa umetoboka kiasi kwamba sarafu zilikuwa zikiteremka hadi kwenye pindo. Mpasuko wa bega haukuwa mpya. Fundi mwingine wa mjini alikwisha kuushona kwa cherehani, kwa mishono midogo iliyosongamana na uzi mnene wa nailoni, na kabla ya msimu wa baridi kwisha ngozi ilikuwa imekatika tena palepale, sambamba na mstari wa mshono, kama ukurasa wa kitabu cha stakabadhi unavyokatika kwenye vitobo vyake.

Sababu ya kukatika huko imo katika maumbile ya kondoo mwenyewe. Kondoo wa sufu ana nywele nyingi mno katika eneo dogo la ngozi, na kila unywele una shina lake, nyingi zikiwa na tezi za mafuta na baadhi na za jasho pia, huku katikati ya ngozi kukiwa na tabaka lililojaa mafuta. Ngozi ikishapita kiwandani na mafuta hayo kuondolewa, hubaki nafasi tupu kati ya tabaka la juu na la chini. Ndiyo maana ngozi ya kondoo ni laini na nyepesi kuvaliwa, na ndiyo maana vilevile huchanika upesi, na pengine kubanduka tabaka kwa tabaka, jambo ambalo ngozi ya mbuzi, iliyoshikana zaidi, hailifanyi kirahisi. Fundi aliyesomea viatu vya ngozi ya ng'ombe akaileta mikono ileile kwenye ngozi ya kondoo huongeza matundu akidhani anaongeza nguvu. Mzee wa Kilombero alilieleza hilo kwa maneno machache, akiwa amelishika bega la koti kwa vidole viwili: "Mwalimu, ngozi hii imechoka. Uzi ukiwa na nguvu kuliko yeye, utamla."

Jambo la kwanza lililonifanya nimwamini ni kwamba hakutaja bei kabla ya kuligeuza koti nje-ndani na kulikagua kwa utulivu. Alifungua kidogo mshono wa pindo, mahali pasipoonekana, akatazama ukingo uliokatwa wa ngozi ili ajue ilitengenezwa kwa dawa gani. Ngozi iliyotiwa chumvi za kromiamu mara nyingi huonesha kijivu chenye usamawati katikati, kama rangi ya nje haikupenya hadi huko. Iliyoivishwa kwa magome ya miti, mathalani miwati ya namna inayolimwa Njombe, huwa ya kahawia. Na iliyotiwa shabu huwa nyeupe. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye koti. Shabu huondoka kwa maji, na ngozi iliyotengenezwa kwa dawa hiyo ikilowa sana na kukauka hugeuka ubao. Ngozi ya magome, ikiwa imelowa, huanza kusinyaa katika joto la takribani nyuzi 70 hadi 85 za Selsiasi, wakati ile ya kromiamu hustahimili karibu na joto la maji yanayochemka; na ngozi yoyote iliyozeeka hushindwa mapema kuliko ilivyokuwa mpya. La kwangu lilionesha kijivu. Hata hivyo aliweka tone moja la maji penye ukingo ule, akasubiri likauke, akapakunja, na ndipo alipoanza kuzungumza habari ya malipo.

Usafishaji ulifanyika kwanza, na kwa njia ambayo ingemshangaza mtu aliyezoea sabuni ya unga. Sufu ina magamba madogo yasiyoonekana kwa macho, na maji ya moto pamoja na kusuguliwa huyafanya magamba hayo yashikane hadi manyoya yakawa kama mkeka. Aliyewahi kufua sweta la sufu likatoka saizi ya mtoto anajua. Madobi wenye mashine za kufulia bila maji nao si kimbilio, kwa kuwa kemikali wanayotumia wengi wao, perikloroethilini, huyeyusha mafuta, nayo haitofautishi uchafu wa kola na mafuta yanayoifanya ngozi ipinde bila kuvunjika. Wapo mabingwa wa ngozi katika nchi za baridi ambao baada ya kusafisha hivyo huirudishia ngozi mafuta yake, lakini dobi wa kawaida hafanyi hivyo. Mzee alinituma duka la jirani nikanunue pumba za ngano, zile wanazolishwa ng'ombe wa maziwa, akazipasha moto kidogo kwenye sufuria kavu, akazimwaga kwenye sufu na kuzifikicha kwa viganja, sehemu kwa sehemu, kisha akazikung'uta na kuanza upya kwa pumba safi. Pumba zilizotoka kwenye kola zilikuwa na rangi ya udongo. Hiyo ni njia ya kale ya mafundi wa manyoya, ambao wengine hutumia vumbi la mbao ngumu isiyo na utomvu. Kwetu, ambako maseremala wengi hupasua msonobari na mkrismasi, vumbi hilo lingeacha utomvu kwenye sufu, hivyo pumba zina mantiki. Sharti lake ni moja, nalo alilisimamia kwa brashi hadi nikachoka kumtazama: isibaki hata chembe, maana pumba zikibaki ndani ya koti ni karamu ya wadudu.

Kwa doa la kola lililobaki baada ya pumba, alitumia kitambaa chenye unyevu na tone la sabuni laini, akifuta nchani mwa manyoya tu bila kuifikia ngozi. Harufu ya zamani, ya dizeli na sigara za barabarani, ilipungua lakini haikwisha. Sikuitarajia iishe.

Kazi ya mishono ndiyo iliyostahili malipo yote. Kwenye makwapa, ambako ngozi yenyewe ilikuwa bado nzima na uzi wa zamani ndio uliooza, hakutoboa tundu jipya hata moja. Alitoa mabaki ya uzi kwa kibano, akachukua sindano yenye ncha butu ili isikate, akaupitisha uzi mpya katika matundu yaleyale ya kiwandani, mkono kwa mkono, akivuta kiasi cha kukutanisha kingo bila kuzikunja. Sindano ya ngozi ya kawaida ina ncha ya pembe tatu zenye makali, na ni chombo kizuri kwa ngozi mpya. Kwa ngozi iliyochoka kila pembe ni mwanzo wa mchaniko. Msharasi wake ulibaki mezani muda wote wa kazi hiyo. Uzi alioutumia ulikuwa wa poliesta wa unene wa wastani, uliopakwa nta ya nyuki, na alikataa katakata ule mnene wa viatu niliodhani ndio wa kudumu.

Kabla ya kufunga kila mshono, alitumia kitana cha chuma kuyachomoa manyoya yaliyonaswa kati ya kingo mbili za ngozi. Ni jambo dogo ambalo fundi wa nguo za kitambaa hawezi kulifikiria, lakini manyoya yakibaki ndani, mshono huvimba, kingo hazikutani sawasawa, na uzito wote unabebwa na uzi badala ya kugawanywa. Halafu akashika utepe mwembamba wa pamba, akaulaza ndani kufuata mzunguko wa mkono na mstari wa bega, akaushikiza kwa mishono mikubwa iliyoachana. Utepe hauonekani kwa nje, na nisingejua upo kama nisingekuwapo, lakini ndio unaobeba sasa uzito wa koti linapotundikwa. Ngozi imepumzishwa.

Kiraka cha bega kilileta tatizo ambalo mtu wa nje ya Arusha asingelitarajia. Tumezungukwa na kondoo. Kila siku ya mnada unaweza kuona makundi yao yakiswagwa kutoka Monduli na Longido, na wachinjaji wanazo ngozi za kutosha. Inaelekea kwamba kiraka cha ngozi ya kondoo kingekuwa kitu rahisi kuliko vyote. Sivyo. Kondoo wekundu wa Kimasai, pamoja na wale wenye vichwa vyeusi wa asili ya Somalia, si kondoo wa sufu. Wana nywele fupi zilizolala, mkia wenye mafuta, na sifa, hasa hao wa Kimasai, ya kustahimili minyoo ya tumbo kuliko kondoo wa kigeni. Kwa ufugaji wa huku hiyo ni neema, kwa kiraka cha koti haisaidii kitu. Kondoo wa sufu hufugwa kwenye nyanda za juu za jirani zetu wa Kenya, kama Molo, na ngozi zao hazifiki Kilombero. Viwanda vya ngozi vya mkoa wa Kilimanjaro, kikiwamo kile cha Karanga mjini Moshi kilichoanzishwa kwa ubia wa PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, na Jeshi la Magereza, vinahusika na ngozi iliyoondolewa manyoya na bidhaa kama viatu, kwa hiyo huko nako hakuna kipande cha sufu cha kununua.

Njia ya mzee ni kuchinja koti ili kuponya koti. Hununua mitumba iliyoharibika isiyofaa tena kuvaliwa, iwe koti, kizibao, buti za manyoya au tandiko la kiti cha gari, akaihifadhi kwenye gunia kwa ajili ya viraka. Gunia hilo linategemea bahati. Wakati wangu halikuwa na kipande cha unene unaofanana na koti langu, na nilielekezwa nijaribu Moshi kwenye soko la Memorial, ambalo kwa nguo za baridi lina mzigo mkubwa kutokana na mahitaji ya wapagazi na waongoza watalii wa Mlima Kilimanjaro. Huko nilipata kizibao kilicholiwa na nondo upande mmoja, kwa bei ndogo kuliko nauli ya kukifuata, na mgongo wake ukatosha. Mteja atakayeingia karakana hii akiwa na kipande chake mwenyewe atakuwa amejiokolea muda mwingi.

Kiraka hakikushonwa juu ya mpasuko. Kwanza alifumua ule mshono wa cherehani na kuondoa uzi wa nailoni nyuzi baada ya nyuzi, akaikata ngozi iliyokuwa imejaa matundu hadi akafika penye ngozi nzima, ingawa hilo lilimaanisha kuongeza ukubwa wa pengo. Niliguna, naye akaendelea. Kisha akakata kipande cha sufu cha umbo la pengo hilo, chenye pembe zilizoviringwa kwa sababu pembe kali ndiyo mahali mchaniko mpya unapoanzia, akahakikisha manyoya yake yanalala upande uleule na manyoya ya koti, na akakiunga ukingo kwa ukingo kwa mshono wa kupindia kutoka upande wa ngozi. Juu ya mshono huo, kwa ndani, alifyeka sufu kidogo na kulaza utepe mwembamba wa ngozi ya mbuzi ambao kingo zake alizichonga kwa kisu hadi zikawa nyembamba kabisa. Kingo nene za kiraka hutengeneza ngazi, na ngozi laini iliyo pembeni hujikunja penye ngazi hiyo kila mkono unapoinuliwa, mpaka siku inapokatika.

Kuhusu gundi tulibishana kidogo. Mafundi wengi wa mjini humaliza tatizo la aina hii kwa solusheni, ile gundi ya kuunganishia soli, na nilitaka kujua kwa nini yeye hakuitumia kwenye bega. Jibu lake, ambalo baadaye nimelithibitisha kwa kulitazama koti la jirani, ni kwamba gundi ile hupenya ngozi ya kondoo, huikausha ikawa ngumu, hutoa doa jeusi upande wa nje, na haiondoki tena. Fundi atakayekuja baadaye hukuta mahali hapo hapashoneki. Kwenye utepe wa mbuzi alipaka gundi nyeupe ya maji, kidogo sana, kwa kuushikiza tu wakati anashona. Mfuko alitia bitana mpya ya marekani nzito, na vifungo akavirudisha kwa kuweka kifungo kidogo cha pili upande wa ndani ili uzi uvute kifungo na si ngozi. Hayo hayana cha kusimulia zaidi, yalifanyika vizuri.

Sasa lawama. Rangi ya kiraka hailingani na koti. Koti ni la kahawia iliyopauka, kiraka ni cha rangi ya mchanga, na mzee alijaribu kukikaribisha kwa rangi ya viatu iliyozimuliwa, matokeo yake yakawa ni rangi ya tatu isiyofanana na mojawapo. Upande wa nje wa koti hili ni ngozi yenye vinyweleo vifupi vya mahameli, na rangi ya viatu ya nta huvilaza vinyweleo hivyo na kuacha mng'ao. Nilimwomba asimamishe, akasimamisha, na kwa msasa laini akaurudisha uso wa kiraka karibu na ulivyokuwa. Kwa mbali kiraka kinaonekana kama kivuli, kwa karibu kinaonekana kama kiraka. Anayetaka koti lionekane jipya hatalipata hapa, na sidhani kama atalipata popote kwa bei ya Kilombero.

Lawama ya pili ni muda. Karakana inamtegemea mtu mmoja, umeme wake ni wa taa moja, na shule zinapokaribia kufunguliwa, Januari na Julai, viatu vya watoto hutangulia mbele ya kila kitu. Siwezi kumlaumu kwa uamuzi huo, ila mteja aujue: anayetaka koti la kuvaa Juni alipeleke mvua za masika zikiwa bado zinanyesha, asingoje baridi imwamshe. Hakuna stakabadhi, alama ya kazi ni kipande cha karatasi chenye jina la mteja kilichofungwa kwenye tundu la kifungo. Simu huwa haipokei akiwa kazini, na akiipokea husema "bado" na kukata.

Malipo yangu yalikuwa shilingi 60,000 kwa jumla, ambapo bega pekee lilikuwa 30,000, makwapa na utepe 15,000, usafishaji 10,000, na mfuko pamoja na vifungo 5,000, bila kuhesabu pumba na kizibao nilivyonunua mwenyewe. Anapokea fedha taslimu na malipo ya simu. Kwa kazi ya mkono iliyofanywa kwa subira ya namna ile, ninaona bei hiyo ni ya chini, na sikuomba punguzo.

Wakati wa kunikabidhi alitoa maelekezo ya utunzaji, mengine makali kama ya daktari, na kwa kuwa ndiyo yatakayoamua kama ukarabati utadumu, yanastahili kuelezwa. Koti likinyeshewa likung'utwe, litundikwe kivulini penye upepo, na lisisogezwe karibu na jiko la mkaa wala kuanikwa kwenye jua la saa sita. Ngozi iliyolowa husinyaa kwa joto dogo kuliko iliyo kavu, na ikishasinyaa hakuna fundi wa kuirudisha. Likikauka lifikichwe kwa mikono na kupigwa brashi kavu. Mafuta ya mgando, mafuta ya kupikia na samli yasiguse upande wa nje: mafuta ya kupikia huchacha, na yote kwa pamoja hulaza mahameli na kukamata vumbi. Kupaka mafuta kunafaa kwa ngozi iliyolainishwa juu, kama ule ukanda wa ukingo wa mifuko, na hapo napo kiasi cha kulowesha kidole kinatosha.

Juu ya utundikaji alikuwa na hoja ambayo sikuwahi kuisikia. Hanga za waya, na hata zile nyembamba za plastiki, hubebesha uzito wote wa koti kwenye nukta mbili za mabega, yaani palepale alipokarabati. Alinishauri nimwendee seremala anichongee hanga pana lenye mabega ya mviringo, nami nimefanya hivyo kwa mabaki ya mkrismasi uliokauka vizuri. Koti hufunikwa kwa shuka kuukuu la pamba na si mfuko wa nailoni, kwa sababu ngozi inahitaji kupumua, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, unyevu ukikaa juu ya asilimia 70 kwa siku mfululizo ukungu huota juu yake bila kubisha hodi. Kabati likifunguliwa mara kwa mara na koti likatolewa kupata hewa, sehemu kubwa ya tatizo hilo imekwisha.

Kwa nondo, ushauri wake ulikuwa sahihi nusu. Ni kweli kwamba anayekula sufu ni kiwavi na si nondo anayeruka, na kwamba kiwavi huyo hupenda giza, utulivu na uchafu wa jasho, hivyo koti safi linalotikiswa mara kwa mara halimfai. Lakini pendekezo lake la kujaza mifuko vidonge vya naftalini sikulifuata. Mvuke wa naftalini ni sumu, na kwa mtu mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali ya kurithi inayoonekana zaidi katika maeneo yenye historia ya malaria kama yetu, unaweza kusababisha chembe nyekundu za damu kupasuka. Watoto wachanga wamo hatarini zaidi. Nyumba yenye mjukuu haihitaji hatari hiyo. Nililolifanya, hasa kwa kuwa kizibao cha Memorial kilikuja na dalili za nondo, ni kukifunga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na kukiweka kwenye friza ya bucha la rafiki yangu, katika nyuzi 18 chini ya sifuri, kwa muda unaozidi wiki moja, kisha kukiacha kirudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko ili unyevu usigandie kwenye ngozi. Kipande hakikuingia karakana kabla ya hapo, na ninashauri kila anayenunua manyoya ya mitumba afanye hivyo.

Koti limepita msimu mzima wa baridi tangu litoke karakana. Utepe wa bega haujasogea, makwapa yamefunga, na kiraka kimeanza kushika vumbi la Arusha kiasi cha kupunguza ile tofauti ya rangi niliyoilalamikia. Pindo la mkono wa kushoto sasa limeanza kulika, na mzee ameshalitazama: atalikunja kwa ndani badala ya kulikata, kwa shilingi 8,000, ila baada ya shule kufunguliwa. Anayekwenda kwake afike kabla ya saa kumi jioni, mwanga ukiwa bado unaingia mlangoni, koti likiwa kavu na mifuko ikiwa mitupu, na aulizie kwa wauza pumba, si kwa wauza viatu, maana hao watampeleka kwa mafundi wao.